Shangazi, Usiuze Kiwanja kwa Barua ya Majaribio ya Uswisi

Shikamoo shangazi. Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti kuhusu binamu. Umesema kuna wakala Dar es Salaam anataka shilingi milioni 5 ili amlete huku kufanya majaribio kwenye klabu, na kwamba mmeshaanza kutafuta mteja wa kile kiwanja cha Muheza. Ukauliza kwa nini mimi niliyeko hapa Luzern, Uswisi, nimekaa kimya. Leo najibu, na najibu hadharani kwa sababu si wewe peke yako unayeniuliza.

Mfano ulionipa ni wa Haris Seferovic, mshambuliaji aliyeichezea Uswisi, "kijana wa hapo hapo kwenu, kacheza Ureno, kacheza Uturuki, kaenda mpaka Dubai". Kweli, alizaliwa Sursee, mji mdogo jirani na Luzern, kwa wazazi waliotoka Bosnia. Nampenda mchezaji yule na nimemfuatilia muda mrefu. Basi tumchukue huyo huyo, maana njia aliyopita ndiyo jibu langu.

Novemba 2009 Uswisi ilicheza fainali ya Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 dhidi ya Nigeria, kwao kabisa Abuja. Uswisi ikashinda 1-0, na bao hilo la pekee alilifunga Seferovic. Ana miaka 17, na tayari ni bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata akachukuliwa na Fiorentina ya Italia. Hapo mtu wa kwetu angeshachinja ng'ombe.

Kilichofuata hakisimuliwi vijiweni. Fiorentina hawakumpa nafasi. Wakampeleka kwa mkopo Neuchâtel Xamax, klabu ambayo Januari 2012 ilifilisika katikati ya msimu. Akapelekwa Lecce. Akapelekwa Novara, daraja la pili Italia. Ilikuwa 2013, miaka zaidi ya mitatu tangu Abuja, ndipo mabao yakaanza kumiminika na Real Sociedad ya Hispania ikamnunua. Kwenda kwa mkopo, shangazi, ni kufungasha nguo, kuhamia mji usiomjua mtu, na kuanza upya kumthibitishia kocha ambaye huenda hakukuomba. Na yeye alikuwa na pasipoti ya Uswisi: anafanya kazi Italia, Hispania na Ujerumani bila kuomba viza. Binamu kila mpaka utamdai kibali, na kibali cha kazi kwa mtu wa nje ya Ulaya hapa Uswisi kinatolewa kwa idadi maalumu kila mwaka. Klabu ndogo haiwezi kujisumbua hivyo kwa kijana isiyemjua.

Halafu kuna upande wa moyo. Juni 2014 alitokea benchi akaifungia Uswisi bao la ushindi dhidi ya Ekuado kwenye Kombe la Dunia, dakika za nyongeza. Mei 2016 bao lake kule Nürnberg liliinusuru klabu yake ya Ujerumani, Eintracht Frankfurt, isishuke daraja. Lakini Novemba 2017, Basel, mechi ya mchujo na Ireland Kaskazini, alikosa nafasi kadhaa, na alipotolewa uwanja ukamzomea. Mashabiki wa nchi yake mwenyewe, tena usiku ambao Uswisi ilifuzu kwenda Kombe la Dunia la Urusi! Niliitazama ile mechi na wenzangu wa kazini. Kamera ilimfuata mpaka kwenye benchi. Kijana ameinamisha kichwa, na mimi roho iliniuma kama ni ndugu yangu. Aliyezaliwa hapa, anayeijua lugha ya hapa, ndiye aliyefanyiwa vile. Mtoto wetu akikosa mabao, nani atamkalia karibu jioni?

Seferovic hakukata tamaa, na hilo nalisema kwa heshima zote. Mwaka mmoja baadaye, hapa hapa Luzern, Ubelgiji ikatangulia 2-0. Uswisi ikarudi ikashinda 5-2, matatu yakiwa ya kwake. Msimu huo huo wa 2018/19 akawa mfungaji bora wa ligi ya Ureno kwa mabao 23 na klabu yake, Benfica, ikachukua ubingwa. Juni 2021 mjini Bucharest, kwenye mashindano ya mataifa ya Ulaya, akaifunga Ufaransa mara mbili kwa kichwa. La pili lilikuja Uswisi ikiwa nyuma 3-1, zikiwa zimebaki dakika chini ya kumi, wengi wetu tumeshajikatia tamaa. Mwenzake Gavranovic akasawazisha, ikaenda penalti, kipa wetu Sommer akaudaka mkwaju wa Mbappé. Mji mzima ulipiga honi. Baada ya hapo ni Galatasaray, Celta Vigo, kisha Al Wasl ya Dubai, akatwaa nao ubingwa wa 2023/24. Lakini hizo picha za Dubai unazoziona wewe zina miaka ya kuhamishwahamishwa nyuma yake.

Sasa hiyo barua ya mwaliko uliyonitumia. Nimeisoma. Nembo ya klabu ni ya kweli, ila barua pepe ni ya Gmail na namba ya simu si ya Uswisi. Nikaipigia klabu yenyewe. Dada wa ofisini alinijibu kwa upole kwamba hawajamwalika mtu yeyote na hilo jina la wakala hawalijui. Isitoshe, binamu ana miaka 16. Kanuni za FIFA zinazuia kumsajili nje ya nchi mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache, mathalani wazazi wake wawe wamehamia huko kwa shughuli zao zisizohusu mpira. Wakala anayeficha jambo hilo ni mwizi.

Jikoni ninapofanya kazi alipita kijana wa Afrika Magharibi aliyeletwa kwa mtindo huo. Alifika kwa viza ya matembezi, wakala akazima simu wiki ile ile. Viatu vyake vya mpira alikuwa anavitembeza ndani ya mkoba hata zamu ya usiku, eti huenda akaitwa. Kurudi kwao aliona aibu, maana nyumbani walikuwa wamekopa kwa ajili yake.

Mbwana Samatta hakumlipa mtu wa barua. Alitoka Simba akaenda TP Mazembe, akachukua ubingwa wa Afrika 2015, na Januari 2016 Genk ya Ubelgiji ikaja yenyewe na hela zake. Alikuwa na miaka 23.

Kwa hiyo kiwanja kisiuzwe, na huyo bwana asipewe hata nauli. Kama ameshapokea kitu, nenda polisi na hiyo barua. Mimi nitakutumia jina la ofisi niliyoipigia. Binamu amalize kidato cha nne, na ada ya mwaka huu niachie mimi. Mwambie pia anitumie video ya mechi nzima, dakika zote 90, siyo vipande vya mabao. Nataka kuona anafanya nini timu yake ikiwa haina mpira.