Barua kwa mwanangu: kuhusu rubani wa ndege nyekundu

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata, na nimechelewa kujibu kwa sababu swali lako si la kujibiwa kwa kidole gumba. Umesoma kitabu alichokitoa Manfred von Richthofen mwaka 1917, yule rubani Mjerumani wa ndege nyekundu katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ukakimaliza usiku mmoja, na sasa unaniuliza: “Mama, huyu mtu anasimulia kuua kama anavyosimulia kuwinda, na mimi nilikuwa nacheka naye mpaka nikajishtukia. Nimwamini? Na kuna ubaya kukipenda kitabu cha namna hii?”

Nilimsomea baba yako swali hilo. Alisema muuaji ni muuaji, akarudi kwenye taarifa ya habari. Mimi nimefundisha historia miaka mingi mno kuridhika na jibu hilo, ingawa sisemi kwamba amekosea.

Ubaya wa kukipenda haupo. Hata mimi nilicheka pale anaposimulia mara yake ya kwanza kupanda ndege, akiwa mwangalizi tu na si rubani. Upepo wa pangaboi unamvua kofia, unamfungua skafu, koti alilosahau kulifunga vizuri linampepea. Akimpigia rubani kelele hasikiki, akiandika kwenye karatasi, karatasi inaruka na upepo. Afisa wa wapanda farasi, mtoto wa familia ya kikabaila, hajui hata yuko juu ya sehemu gani. Siku aliporuka peke yake mara ya kwanza aliivunja ndege wakati wa kutua. Mtihani wa urubani ulimkwamisha, akaurudia, akafaulu Krismasi ya 1915. Halafu yuko Moritz, lile jibwa lake alilolinunua Ostend, Ubelgiji, akalipandisha ndegeni siku moja kama abiria. Baadaye pangaboi lilimkata Moritz sikio. Mtu akijicheka mwenyewe kiasi hicho, unamkaribisha ndani kabla hujamuuliza ametoka kufanya nini.

Na hapo ndipo napenda usimame kidogo, uangalie tarehe. Julai 6, 1917 Richthofen alipigwa risasi ya kichwa akiwa angani, akapoteza uwezo wa kuona kwa muda, akatua kwa shida. Kitabu kilikamilishwa akiwa anauguza jeraha hilo. Alikuwa na miaka 25, mdogo kuliko wewe sasa, na alikuwa amehesabiwa ndege 57 alizoziangusha. Vita vilikuwa havijaisha. Ujerumani ilikuwa imetoka kwenye ule msimu wa baridi ambao watu wa mijini walikula tanipu, mboga ya mizizi, kwa sababu viazi viliharibika na meli za Waingereza zilikuwa zimeziba bahari. Kwenye mahandaki vijana walikuwa wanakufa kwa maelfu, wengi kwa makombora yaliyorushwa na watu wasiowaona. Kifo cha namna hiyo huwezi kukipiga picha ukakibandika ukutani. Rubani ana jina, ana sura, ana hesabu inayopanda kila wiki. Jeshi la anga lilikuwa na ofisi yake ya habari, na ofisi hiyo ndiyo iliyosukuma kazi na kuipitia kabla wachapishaji Ullstein wa Berlin hawajachapa.

Kwa hiyo ukiniuliza kama umwamini, mimi nakuuliza kwanza unazungumzia ukurasa upi. Anaposema aliogopa, aliruka vibaya, alipotea njia, mwamini. Hayo hayakumpa mtu faida yoyote kuyabuni. Pale panapokuwa pamepigwa pasi, angalia kilichokunjwa ndani.

Chukua ushindi wake wa kwanza, Septemba 17, 1916, jirani na Cambrai, Ufaransa. Aliyemfundisha ni Oswald Boelcke, rubani Mjerumani aliyemtangulia, ambaye siri yake aliyompa zamani kwenye behewa la chakula la gari moshi ilikuwa nyepesi ajabu: sogea karibu, lenga sawasawa. Richthofen alisogea. Ndege ya Waingereza ilikuwa ya watu wawili, injini nyuma, mwangalizi amekaa mbele na rashasha yake. Iliposhuka, naye akatua karibu, kwa haraka kiasi cha kukaribia kuivunja ya kwake, akawakuta wote wawili wakiwa wa kufa. Anasema aliwaheshimu kwa kuweka jiwe kwenye kaburi lao zuri. Sentensi nzuri, na nadhani ni ya kweli. Ila majina hayamo. Rubani aliitwa Lionel Morris, miaka 19. Mwangalizi aliitwa Tom Rees, miaka 21. Na kilichofuata hukikuti humo: Richthofen aliagiza kwa sonara wa Berlin kikombe kidogo cha fedha chenye tarehe na aina ya ndege, kisha akaagiza kingine kwa kila ushindi, mpaka vilipofika 60 akakoma, kwa sababu fedha yenyewe ilikuwa adimu nchini. Nilipolijua hilo la vikombe nilikifunga kitabu, nikaenda jikoni.

Sura ya Lanoe Hawker ni bora zaidi, na hapo namsifu bila kusita. Hawker alikuwa Meja wa Kiingereza mwenye Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Novemba 23, 1916 walizungukana kama majogoo, kila mmoja akitafuta mgongo wa mwenzake, wakishuka duara baada ya duara karibu nusu saa. Kuna kitu watu wengi hukipita kwenye masimulizi haya: upepo wa kule mara nyingi huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo kila dakika ya kuzungukana ilimsukuma Mwingereza ndani zaidi upande wa Wajerumani. Ndege ya Hawker ilikuwa na injini dhaifu na rashasha moja. Ya Richthofen ilikuwa Albatros mpya yenye mbili. Petroli ikipungua, Hawker hana budi kunyoosha kwenda kwao, na akinyoosha amekwisha. Risasi ilimpata kichwani karibu kabisa na ardhi. Richthofen anasimulia kwamba katikati ya pambano Mwingereza yule alimpungia mkono, kama anayemuuliza hali. Kisha, bila kubadilisha sauti, anasema rashasha ya Hawker ilifukuliwa ardhini na sasa inapamba mlango wa nyumbani kwake.

Unaona? Haoni haja ya kuificha. Na ofisi ya habari nayo haikuona haja ya kuifuta. Hilo linakuonyesha wasomaji wa 1917 walikuwa wamefikishwa wapi, kuliko hotuba yoyote ya Kaisari wa Ujerumani.

Sasa nyati. Mei 1917, akiwa likizo, alialikwa Pless, Ujerumani ya wakati ule, kuwinda nyati wa Ulaya, wanyama waliokuwa wamebaki wachache mno. Anasema mnyama alipokuwa anakuja alipata homa ileile anayoipata akiwa kwenye ndege akimwona Mwingereza. Wewe umeniandikia kwamba sentensi hiyo ilikuchukiza. Mimi naiona ndiyo yenye ukweli kuliko nyingine zote humo. Alizaliwa kwenye familia ya wawindaji. Baba yao aliwafundisha tofauti ya mwindaji na mtu wa kufyatua tu, na Manfred anamnyooshea kidole mdogo wake Lothar, rubani kama yeye, kwamba ni wa kufyatua. Mwenyewe anakiri kwamba akishamwangusha mtu hamu yake inatulia kwa robo saa hivi. Robo saa! Kijana huyu hakuwa na lugha nyingine ya kueleza kilichokuwa kinampata. Waliomsimamia walikuwa nayo, walikuwa watu wazima, na waliiacha ya uwindaji kwa sababu ilikuwa inauzika.

Kuhusu moto anagusa tu. Ndege zile zilikuwa mbao, turubai na petroli. Marubani wa Uingereza hawakupewa parachuti vita vyote. Wajerumani walianza kupewa mwaka 1918. Ndege ikiwaka, ulikuwa unachagua kuungua au kujirusha. Kila aliyeruka alilijua hilo kila asubuhi.

Lakini usimhukumu kwa kitabu hicho peke yake, maana hata yeye alikikataa. Baadaye aliandika kurasa chache zilizokutwa kwenye karatasi zake, kuhusu mawazo yake akiwa kwenye handaki. Anasema akikisoma kitabu chake anatabasamu kwa ule ufidhuli wake, na kwamba yeye si mtu yule tena. Baada ya kila pambano anajisikia vibaya, anaingia chumbani kwake, hataki kumwona mtu wala kusikia lolote. Analaumu jeraha la kichwa. Anasema vita si vile watu wa nyumbani wanavyoviwaza, kwa vigelegele. Wakubwa walimdokeza aache kuruka. Akakataa, akisema angekuwa mtu duni kama angejitunza kwa ajili ya nishani zake wakati kila maskini wa Mungu aliyeko handakini analazimika kubaki pale. Kurasa hizo ni chache, ila mimi nazipima sawa na kitabu kizima. Sijasikia kwamba kuna aliyezipitia kwa kalamu nyekundu.

Aprili 21, 1918 alikufa karibu na Vaux-sur-Somme, Ufaransa, akiwa na ushindi 80, kwa risasi moja. Watu wanabishana mpaka leo kama ni Roy Brown, rubani wa Kanada, au askari wa Australia waliokuwa chini na rashasha. Siku hizi wengi wanaelekea kwa waliokuwa chini. Usipoteze usiku mwingine kwa hilo. Waaustralia walimzika kijiji cha jirani, Bertangles, kwa heshima zote za kijeshi. Mwaka 1933, Hitler alipokwisha kushika nchi, kitabu kilichapwa tena kikiwa na dibaji ya Hermann Göring, mmoja wa vigogo wa Hitler, ambaye ndiye aliyekiongoza kikosi cha Richthofen mwishoni mwa vita. Kijana akawa amekufa, kitabu kikaitwa kazini tena.

Na mimi Mtanzania siwezi kukisoma bila kufikiria pembeni. Vita vilikuwa vilevile. Novemba 1914 Waingereza walipigwa Tanga. Julai 1915 ndege zilizoruka kutoka Mafia ziliwaelekeza wapiga mizinga mpaka Königsberg, meli ya kivita ya Wajerumani, ikaangamizwa kwenye delta ya Rufiji. Wapagazi waliobebeshwa mizigo ya pande zote mbili walikufa makumi ya maelfu, kwa kuhara, malaria na njaa, na hapakuwa na mchapishaji aliyetaka simulizi ya hata mmoja wao. Silisemi ili umchukie Richthofen. Nasema ukishika kumbukumbu za vita, uliza pia nani alipewa wino.

Kuna mtu mmoja katika habari hii ninayemfikiria zaidi kuliko rubani, nawe utajua kwa nini. Mama yake, Kunigunde, alichapisha shajara yake ya vita mwaka 1937. Manfred alipokwenda nyumbani likizo ya mwisho, mwanzoni mwa 1918, mama alimwona amebadilika: mkimya, ule utani umemtoka, macho yake yanatazama mbali. Lothar alipona vita, akafa ajali ya ndege mwaka 1922. Nimesoma vipande tu vilivyonukuliwa na wengine. Kitabu chenyewe sijakishika. Huko uliko maktaba ni kubwa kuliko zetu. Waulize kama wanayo tafsiri ya Kiingereza. Ikiwepo, nipigie picha kurasa za likizo ile, kuanzia siku aliyofika mpaka siku aliyoondoka, na uzitume kwa baba yako, simu yangu imejaa.

Mama yako