Majina ya mawaziri yaache kwanza, shika sera

Dada, unasema umekariri mawaziri wote na bado unaogopa mtihani wa Tume ya Utumishi wa Umma ya Uganda, mi nakwambia hayo majina punguza (wanaweza badilishwa wakati wowote bana) shika sera zenyewe. Anza na PDM (Parish Development Model, mpango wa serikali wa kupeleka hela za maendeleo ngazi ya chini), ilizinduliwa wilaya ya Kibuku Februari 2022, kila parishi (eneo dogo la utawala chini ya wilaya, si ya kanisa) inatengewa shilingi milioni 100 za Uganda kwa mwaka kupitia SACCO yake na mtu anakopa milioni 1, sasa jiulize kwa nini hela ishuke mpaka parishi isiishie wilayani, ukiweza kueleza hapo uko vizuri. Halafu NDP IV, yaani mpango wa nne wa taifa wa maendeleo, imeanza Julai 2025. Bomba la mafuta Hoima mpaka Tanga, kilomita 1,443, pitia tu. Ila hotuba ya bajeti ya Juni isome yote, kalamu mkononi.