Oili ya IST: umwage kila kilomita ngapi?
Mkuu, umesema fundi wako anataka umwage oili ya Toyota IST yako kila kilomita 3,000, na dukani wamekuambia usubiri 10,000. Kwa injini yake ya 1NZ na foleni za Dar, mimi ningebaki kwenye 5,000. Ukikwama Ubungo nusu saa, oili inaendelea kuchemka na kilomita hazisogei, kwa hiyo hesabu na miezi: ikifika sita, mwaga hata kama 5,000 haijatimia. Ile 10,000 waachie wenye oili ya sintetiki kamili na safari ndefu za barabarani.

Weusi wa oili usikutishe, oili nzuri hubeba uchafu. Kinachoua injini ni oili kupungua bila wewe kujua, na hizi gari zilizotembea sana hula oili kweli. Kila wiki, asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare, chomoa kijiti cha kupimia oili, futa, rudisha, chomoa tena: oili ionekane kati ya alama mbili za kijiti.

Filta mpya kila unapomwaga, tafadhali, usikubali ya zamani iliyopulizwa upepo. Inaingia kama lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo galoni ya lita 4 inakubakishia kidogo ya kuongezea.