Kabla hujanunua kimashine cha kuchongea vitu vidogo, kiwashe kwa kasi ya chini

Hereni ya mpingo hutobolewa tundu la milimita moja karibu kabisa na ukingo, na ukingo wenyewe hauna unene wa kubahatisha. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii nilikuwa navunja biti, yaani vile vyuma vyembamba vya kutobolea, nne au tano kwa wiki. Kila iliyovunjika iliacha ncha ndani ya mti, na mpingo ukishameza ncha ya chuma, hereni hiyo imekwisha. Nilidhani mkono wangu ndio mbaya. Nikabadili taa, nikanunua biti za bei zaidi, nikajizoeza kubana pumzi. Kumbe mkono ulikuwa mzima. Kimashine ndicho kilichokuwa kikitikisa.

Nazungumzia kile cha mkono, chembamba kama tochi, kinachozungusha vibiti vya kutobolea, kuchongea, kukatia waya na kung'arishia. Hapa Dar es Salaam mafundi wengi wanakiita dremeli hata kama si cha Dremel, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1932. Changu cha kwanza nilikinunua kwa sababu mbili: sandukuni mlikuwa na vipande zaidi ya mia, na ubavuni pameandikwa mizunguko 35,000 kwa dakika. Leo kila anayeniomba ushauri namwambia hayo mawili ayaache kando.

Mizunguko hiyo karibu sijaitumia. Mpingo ni mti mzito hadi unazama majini, na ukiupeleka kasi unaungua kabla haujachongeka. Kwanza harufu, kisha uso unang'aa kama uliopakwa lami, na msasa haushiki tena hapo. Plastiki inayeyuka na kugandia biti. Pembe ya ng'ombe inanuka nyumba nzima. Kazi zangu nyingi ziko kati ya mizunguko 5,000 na 15,000, ndiyo maana dukani naanza na swali hili: kinashuka hadi wapi, na kikishuka, nguvu inabaki?

Kwenye nguvu ndipo pesa yako inapokwenda. Vingi vya bei rahisi, ukipunguza kasi umepunguza na nguvu. Ukigusa mti kinakwama, ukiongeza kidogo kinaruka mbele na kukuharibia ua ulilolichonga asubuhi nzima. Vilivyo bora vina saketi inayohisi mzigo na kuongeza umeme vyenyewe. Huna haja ya kuamini maandishi ya sanduku. Mimi hutembea na kipande cha mpingo kwenye pochi. Namwomba muuzaji afunge biti, awashe kasi ya chini kabisa, nami naiingiza taratibu kwenye mti nikisikiliza. Sauti ikizama kama mtu anayeishiwa pumzi, nashukuru na kurudisha.

Jaribio la pili ni la macho. Funga biti nyembamba, washa, itazame ncha dhidi ya karatasi nyeupe. Ncha iwe moja. Ukiona kama ziko mbili, au imefanya kivuli chenye umbo la pia ya watoto, biti haizunguki katikati. Jaribu biti nyingine, kwa maana huenda ile imepinda. Kisha badilisha koleti, yaani kile kibano kidogo cha chuma kilichochanwa ambacho hukaza shina la biti. Kama bado inatikisa, shida iko kwenye mhimili, yaani chuma cha ndani kinachozungusha koleti, au kwenye beringi zinazoushika, na hapo hakuna la kurekebisha. Chomoa plagi, ushike mhimili kwa vidole uusukume pembeni: haupaswi kucheza hata kidogo. Kile cha kwanza changu kilikuwa kinacheza, nami sikujua kwamba hilo ni jambo la kuangalia. Nakuandikia haya yote kwa sababu sikuwa na wa kuniambia.

Ukiwa bado dukani, uliza kinakuja na koleti za saizi gani. Biti zinazouzwa kwa wingi zina shina la milimita 3.2, nyingine 3 kamili, na zile za aina ya madaktari wa meno ni 2.35. Kwa macho zinafanana. Shina la 3 kwenye koleti ya 3.2 huweza kushikwa lakini lisikae sawasawa, na wewe utailaumu biti.

Sasa umeme. Kaka yangu anaishi Marekani, alinitumia kimashine kizuri sana, zawadi ya kutoka moyoni. Kilikuwa cha volti 120. Umeme wetu ni volti 230. Kilipiga kelele kali kwa sekunde chache, moshi ukatoka, basi. Nililia, si kwa ajili ya chuma, bali kwa jinsi ndugu yangu alivyojinyima. Kama una mtu wa kukuletea kutoka huko, mwombe akupigie picha lebo kabla hajalipa. Cha betri ni salama zaidi ikiwa chaja yake imeandikwa volti 100 hadi 240.

Kuhusu aina, chenye mota mkononi kina uzito wa nusu kilo au zaidi. Nusu kilo ni kidogo mpaka ukishike saa mbili ukifuata mishipa ya jani. Kwa kazi ya namna hiyo napendelea mota inayoning'inia kwenye ndoano, yenye waya mnene unaopindika, unaopeleka mzunguko hadi kwenye mpini mwembamba mwishoni. Kasi unaiamuru kwa mguu, kama cherehani ya umeme, na mikono yote miwili inabaki kwenye kazi. Kampuni ya Foredom inatengeneza za namna hiyo, na masonara wengi duniani wanazitumia. Waya wenyewe usiukunje kona kali, na uupake grisi kila baada ya muda.

Ipo na njia ambayo watu hawaifikirii: mashine ya kucha. Wifi yangu ana saluni, na siku moja umeme ulipokatika kwangu nilikwenda kumalizia kazi kwake. Mpini wake ni mwepesi kama kalamu nene, unashika shina la 2.35, unarudi nyuma na mbele. Kwa mistari midogo na kona za maua, mkono wangu haujawahi kutulia vile. Usiikandamize tu, haina nguvu ya kuondoa mti mwingi, na shaba ya njano itaichosha haraka.

Kuna jambo moja sitaki ulichukulie kwa wepesi. Kidiski cha kukatia cha milimita 38, kikizunguka mara 30,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Kikivunjika, vipande vinaruka kwa kasi hiyohiyo kuelekea usoni. Miwani ya kujikinga vaa kabla ya kuwasha, mtandio ufunge nyuma, na usivae glavu za kitambaa, zinanaswa. Barakoa nayo ni lazima: vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua cha watu wengi.

Biti nunua moja moja. Kwa kuanzia chukua mbili za kuchongea za kabaidi, ile madini ngumu kuliko chuma cha kawaida, moja yenye kichwa cha duara na moja chenye umbo la mwali wa moto, biti tano za milimita moja za kutobolea, na felti ndogo ya kung'arishia. Unapotoboa, ingiza kidogo, toa, futa vumbi, ingiza tena. Tundu moja la hereni mimi hulitoboa kwa miingizo sita au saba.