Ziara ya kimasomo Denmark: beba futi ya kupimia, kamera iache begani

Mkuu, umeuliza kama siku tano Copenhagen zina faida kwa mwanafunzi wa usanifu majengo, au ni kupiga picha na kurudi. Mimi nilienda na darasa nikiwa mwaka wa tatu, tukitokea Ujerumani ninakosoma. Faida ipo, ila siku ya kwanza niliichezea. Nilikimbilia majengo mapya, kikiwemo kile kiwanda cha kuchoma taka cha Amager Bakke ambacho watu wanateleza kwa ski juu ya paa lake. Picha mia, daftari tupu.

Kesho yake mwalimu akatupeleka Grundtvigs Kirke, akaagiza kila mtu achore kona moja tu. Kanisa hilo lilianza kujengwa 1921 kwa michoro ya msanifu P.V. Jensen-Klint. Akafariki 1930, mwanawe Kaare Klint akalimalizia 1940. Mamilioni ya matofali ya njano: ukuta tofali, nguzo tofali, hadi madhabahu na mimbari. Plasta hakuna. Huku kwetu plasta ndiyo mficha aibu ya fundi (msibishe, wote tumejenga). Pale kila kiungo kiko wazi. Nilikaa chini ya nguzo moja saa mbili nikihesabu kozi (mistari ya matofali), vidole vimekufa ganzi, na hapo ndipo nikaona kwamba yule mzee aliwaza kwa tofali, si kwa sentimita. Darasani nilishaambiwa hivyo mara kumi, haikuingia.

Kanisa la Bagsværd la 1976, kazi ya Jørn Utzon, yule msanifu wa Jumba la Opera la Sydney, kwa nje utadhani ghala. Ingia ukae kwenye benchi utazame juu: dari la zege limejikunja kama mawingu, mwanga unashuka taratibu. Picha hailitendei haki.

Kilichonigusa zaidi ni nyumba za Utzon za Kingo kule Helsingør, za mwishoni mwa miaka ya 1950. Kila nyumba ina umbo la L na ua wake uliozungushiwa ukuta. Nikakumbuka uwani kwa bibi, Pangani. Ila wanaishi watu mle, usichungulie.

Louisiana, makumbusho ya sanaa ya 1958, iwekee siku nzima. Treni inakushusha Humlebæk. Mkate beba mwenyewe, bei za Denmark hazina huruma.