Kabla hujanunua tailizi na pavingi, piga magoti upime mwenyewe

Kwenye korido ya nyumba yetu, karibu na mlango wa chumba chetu cha kulala, kuna tailizi moja isiyofanana na nyingine. Mchana huioni. Jioni taa ikiwaka inajitokeza, imepauka kidogo kuliko zinazoizunguka. Wageni hupita juu yake bila kuitambua, lakini mimi naiona kila siku ninapokwenda kulala, na inaniuma, maana ningeweza kuizuia kwa nusu saa ya kupima na karatasi moja.

Tunajenga Kibaha, kidogo kidogo kama watu wengi wanavyojenga: mwaka huu sebule, mwakani korido, jiko likisubiri bonasi. Korido ilipofikiwa zamu yake, nilipima urefu nikapata mita 6.6, upana mita 1.55. Nikazidisha: skwea mita 10.23. Dukani waliniambia niongeze asilimia 10 kwa ajili ya vipande vitakavyokatwa na vitakavyovunjika, ushauri ambao utausikia karibu kila mahali. Ikawa 11.25. Boksi la tailizi za sentimita 60 kwa 60 lina vipande vinne, yaani skwea mita 1.44. Nikagawa, nikapata 7.8, nikanunua maboksi 8. Vipande 32, na moyo umetulia.

Fundi akapungukiwa kipande kimoja. Hakuvunja hata kimoja. Alifanya kazi yake kwa uangalifu mkubwa. Aliponiita nije nione, aliniambia, "Bosi, hesabu yako ya skwea iko sawa. Ila tailizi hazimwagwi kama uji, zinapangwa."

Hilo ndilo nataka ulichukue kabla ya mengine yote. Eneo linakuambia sakafu ni kubwa kiasi gani, halikuambii vipande vitakaaje. Angalia ile korido: upana wa mita 1.55 unameza tailizi mbili nzima, sentimita 120, halafu zinabaki 35. Mstari huo wa tatu unahitaji kipande cha sentimita 35 kutoka kwenye tailizi ya 60. Kinachobaki ni sentimita 25, ambacho hakitoshi kujaza pengo la 35 linalofuata. Kwa hiyo kila kipande cha pembeni kinakula tailizi nzima. Urefu wa mita 6.6 ni tailizi 11. Mistari mitatu mara 11 ni 33, na mimi nilikuwa na 32. Asilimia 10 ilishaongezwa na bado haikutosha, kwa sababu sehemu nyembamba kama korido, choo na ngazi hupoteza tailizi nyingi kuliko sebule.

Sasa linganisha na sebule yetu, mita 5.35 kwa 4.15. Upande mmoja tailizi 9, mwingine 7, jumla 63. Kwa skwea na asilimia 10 unapata maboksi 17, vipande 68. Pale nyongeza ilitosha na ikabaki. Ndiyo maana nilijiamini nilipofika koridoni.

Tangu hapo nafanya hivi: nachora chumba kwenye daftari la shule lenye miraba, kila mraba ni tailizi moja, na kila kipande cha kukatwa nakihesabu kama tailizi nzima mpaka nithibitishe kwamba masalia yake yanaingia mahali pengine. Masalia hayapotei yote. Zile sentimita 25 za korido zilitoa vipande viwili vya sentimita 10 kwa kila tailizi, vikawa skatingi, ule mstari mwembamba wa tailizi unaozunguka chini ya kuta. Mzunguko wa korido ni mita 16.3, ukitoa milango mitano ya sentimita 90 inabaki mita 11.8, na vipande vile 22 vina urefu wa mita 13.2. Skatingi yote ilitoka kwenye masalia, fundi akazisugua kingo zilizokatwa. Ningejua mapema, nisingenunua skatingi za kiwandani ambazo mpaka leo ziko stoo.

Kuhusu ile tailizi iliyopauka: nilirudi dukani baada ya wiki mbili. Jina lilelile, picha ileile kwenye boksi, lakini bechi nyingine, yaani mzigo uliotengenezwa mara nyingine. Ubavuni mwa boksi huwa kuna namba ya bechi au ya rangi, na hata saizi zinaweza kupishana kwa milimita chache kati ya bechi na bechi. Kagua namba hizo boksi kwa boksi kabla gari halijapakia. Ukiona boksi moja lina namba tofauti, omba libadilishwe, na lisipobadilishwa, mpe fundi alitumie nyuma ya kabati au chini ya kitanda.

Kupima kwenyewe kuna mambo yake. Usipime kwenye ramani. Ramani nyingi huandika vipimo kutoka katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta, au nje kwa nje. Chumba kilichoandikwa mita 4 kwa 4 katikati kwa katikati, ukitoa tofali la inchi 6, yaani kama sentimita 15, na lipu ya sentimita moja na nusu kila upande, ndani kinabaki mita 3.82. Skwea mita 16 zimekuwa 14.6, tofauti ya karibu boksi zima kwa chumba kimoja. Subiri lipu ikauke, kisha upime sakafuni.

Pima kila upande mara tatu: mwanzo, katikati na mwisho wa chumba. Kuta zetu hazinyooki kama tunavyodhani, na kipimo cha kununulia ni kile kirefu kuliko vyote. Halafu pima kona kwa kona, mshazari mmoja na mwingine. Zikilingana, na pande zinazotazamana nazo ziko sawa, kona zote za chumba ni za mraba. Zikipishana sentimita mbili tatu, fundi ajue kabla hajaanza, kwa sababu mstari utakaoanza umenyooka ukutani utaishia mlangoni ukiwa umepinda. Kona moja unaweza kuikagua kwa njia ya waashi wetu: weka alama mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, na kati ya alama hizo lazima upate mita 5 kamili. Kwenye choo kidogo tumia sentimita 60, 80 na 100.

Na ile ndoano ndogo ya mwanzo wa futi kamba inayochezacheza: nimewaona watu wawili wakiigonga kwa nyundo ili ikaze. Tafadhali usiiguse. Imetengenezwa icheze kwa unene wake wenyewe, ili kipimo kiwe sahihi ukiivuta kwenye ukingo wa ubao na ukiisukuma ukutani pia. Kama imeshapinda au imeng'oka, anzia kwenye alama ya sentimita 10, halafu toa 10 kwenye jibu.

Nje ya nyumba mambo yanabadilika, kwa sababu viwanja vyetu havina kona nzuri hata kama karatasi inasema 20 kwa 20. Nyuma ya nyumba yetu kuna eneo la pembe nne tulilotaka kuweka pavingi, watoto wapate pa kuchezea bila tope. Pande zake zilikuja 6.5, 7, 6 na 4.5. Shemeji yangu, mtu makini sana, alifanya kama tulivyozoea wote: akachukua wastani wa pande zinazotazamana, 6.25 na 5.75, akazidisha, akapata skwea mita karibu 36.

Njia hiyo ni ya zamani mno, hata Wamisri wa kale waliitumia kwenye mashamba. Tatizo lake ni kwamba eneo likikosa mraba, siku zote inazidisha, haipunguzi hata mara moja. Dawa ni kupima kitu kimoja zaidi: mshazari. Wa kwetu ulikuwa mita 7.5, ukaligawa eneo kuwa pembetatu mbili. Kwa kila pembetatu unajumlisha pande tatu, unagawa kwa mbili. Jibu hilo unalitoa kila upande kwa zamu. Unazidisha namba zote nne. Unatafuta kipeuo cha pili. Ya kwanza ina pande 6.5, 7 na 7.5: nusu ya jumla ni 10.5, ukitoa unapata 4, 3.5 na 3, ukizidisha zote ni 441, kipeuo chake 21. Ya pili, ya 7.5, 6 na 4.5, inatoa 13.5. Jumla skwea mita 34.5. Kanuni hii inaitwa kwa jina la Heron wa Alexandria, mwanahisabati wa kale, na simu yoyote yenye kikokotoo inaimaliza kwa dakika moja.

Pavingi za sentimita 20 kwa 10 zinaingia 50 kwenye skwea mita moja. Ile tofauti ya skwea mita 1.44 ni pavingi 72 ambazo hatukuzihitaji. Zile za kupinda au za pembe sita zina hesabu yake, muulize anayezifyatua zinakaa ngapi kwa skwea.

Mchanga wa kulazia chini watu huusahau kabisa. Zidisha eneo kwa kina: 34.5 mara 0.05 kwa kina cha sentimita 5 ni kama mita za ujazo 1.7. Ukiagiza tripu kwa macho utabaki na kichuguu uani mpaka masika. Kwa bustani ya mviringo, pima katikati kutoka ukingo hadi ukingo, gawa kwa mbili, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha kwa 3.14. Yetu ya maua yenye upana wa mita 3 ni skwea mita 7 na kidogo.

Hatua za miguu ziachie shamba. Ekari ya hatua 70 kwa 70 inakaribia ukweli kama hatua yako ni yadi moja, lakini kwenye uwanja wa mita 7 kosa la nusu hatua linatosha kukuharibia bajeti.

Jihadhari pia na futi na mita kuchanganyika. Mita moja ni futi 3.28, lakini skwea mita moja ni skwea futi 10.76. Rafiki yangu alipewa bei ya kapeti kwa skwea futi, chumba chake kikiwa skwea mita 14. Alizidisha kwa 3.28, akapata 46 na kufurahi kwamba ni rahisi. Kapeti aliyoihitaji ilikuwa ya skwea futi 151 hivi, na aligundua hilo akiwa ameshalipa nusu.

Mwezi ujao ni zamu ya jiko. Upana ni mita 2.75: tailizi nne nzima na kipande cha sentimita 35, pengo lilelile la korido. Nimeshazungumza na fundi kuhusu tailizi za sentimita 40, ambazo zinaingia sita nzima na pengo la 35 linakula karibu tailizi nzima, sentimita 5 tu zinatupwa. Karatasi yenye miraba iko mezani, na safari hii naagiza boksi moja la ziada la bechi hiyohiyo, likae stoo na namba yake nikiwa nimeiandika kwenye daftari.