Boxer 150 inagonga chini ikibeba: shokapu za chupa au springi ngumu zaidi?

Mkuu, umesema asubuhi unatoa mizigo Kariakoo kupeleka Kivule, mchana unapiga abiria, na kwenye matuta nyuma inagonga chuma kwa chuma hata ukipita taratibu. Fundi kashakaza ringi za shokapu (zile zinazobana springi kwa hatua) mpaka hatua ya mwisho, na sasa unashauriwa ununue za gesi zenye chupa, yaani kitungi kilichoshikana na shokapu. Usinunue kwanza. Kwa maelezo hayo, springi zako ni laini kuliko mzigo unaobeba, na chupa haihusiani na springi.

Ringi ndiyo inayopoteza watu wengi. Ukiikaza, springi haiwi ngumu. Inabanwa tu kabla ya kazi kuanza, pikipiki inasimama juu kidogo. Ringi ikipanda milimita 4, shokapu inakaa juu kwa milimita 4, uwe umebeba kilo 20 au 100. Kwa shokapu nyingi za kawaida, kutoka hatua ya kwanza mpaka ya mwisho unapata kama sentimita moja na nusu, basi. Dalili ya springi laini iliyokazwa kupita kiasi ni mbili kwa mpigo: ukiwa mtupu nyuma inarusha na kupiga "ta!" ikitoka kwenye tuta, kwa sababu shokapu inafunguka mpaka mwisho; na ukibeba, bado inagonga chini. Ukiona zote mbili, acha kuhangaika na ringi.

Kabla ya kupima chochote, hakikisha vitu vitatu. Upepo: pikipiki za daraja hili tairi la nyuma ni PSI 28 ukiwa peke yako na 32 hivi ukiwa na abiria, na gaji za pale kwenye kujaza upepo zinadanganya sana, kwa hiyo uwe na yako. Bushi za swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma): weka stendi kubwa, shika tairi la nyuma, lisukume kulia na kushoto, ukisikia linacheza pale mkono huo unapoungana na fremu, badilisha bushi kwanza. Tatu, rodi za shokapu. Futa vumbi, tazama kati ya springi. Ukiona unyevu wa oili ulioshikamana na mchanga, sili (mpira unaozuia oili isitoke) imekufa, na shokapu hiyo ni springi tupu inayodunda.

Sasa chukua futi na msaidizi mmoja. Bandika alama ya tepu kwenye bodi, juu kabisa ya ekseli ya nyuma, halafu pima kutoka katikati ya nati ya ekseli mpaka kwenye alama, mara nne:

A – gurudumu likiwa hewani, juu ya stendi kubwa.
B – pikipiki chini, haina mtu.
C – wewe umekaa, miguu kwenye vikanyagio, msaidizi anashikilia usukani.
D – wewe na mzigo wako wa kila siku.

Kabla ya B, C na D ibonyeze nyuma mara mbili tatu ikae mahali pake, la sivyo msuguano wa sili utakupa namba za uongo. Mwendo wote wa gurudumu la nyuma kwenye pikipiki hizi ni kama sentimita 10. A kutoa B iwe kati ya nusu sentimita na moja na nusu. A kutoa C iwe 2.5 mpaka 3.5. A kutoa D, ringi ikiwa imepandishwa, isizidi 4.5.

Tuseme umepata A 58, B 57.8, C 55, D 51. Ikiwa tupu karibu haishuki kabisa (0.2), na ukibeba inashuka 7, imebaki 3 tu ya kupokea tuta. Hapo springi imejitaja yenyewe. Mzigo peke yake umeishusha 4, kutoka C mpaka D. Ukitaka ishuke 3, unahitaji springi ngumu zaidi kwa kama theluthi moja.

Na theluthi si waya mnene kama watu wanavyodhani. Ugumu wa springi unafuata unene wa waya kwa kipeo cha nne. Waya wa milimita 7 ukienda 7.5, mizunguko na upana wa springi vikibaki vilevile, ugumu unapanda kama asilimia 32. Ukienda 8, unapanda asilimia 70, na hiyo itamrusha abiria wako mpaka akukimbie. Nusu milimita macho hayaioni dukani, kwa hiyo nenda na venia kalipa (kifaa cha kupimia unene). Hesabu na mizunguko inayofanya kazi pia: mizunguko ikipungua, springi inakuwa ngumu. Muuzaji akikwambia "hii ni heavy duty" muombe akusubiri upime. Rangi nyekundu siyo ugumu.

Kuhusu chupa. Chupa ya kweli ina gesi yenye shinikizo inayozuia oili isitoe povu ikichemka. Faida yake unaiona kwenye rafu ndefu: shokapu ya kawaida asubuhi iko sawa, ikifika saa tisa mchana baada ya vumbi la Kivule inaanza kudunda, kwa sababu oili imepata moto na kuchanganyika na hewa. Ila kwenye seti nyingi za bei rahisi chupa ni pambo, haina njia yoyote ya kuunganika na silinda. Maoni yangu: kwa kazi yako, jozi ya kawaida yenye springi sahihi inaishinda jozi ya chupa yenye springi laini, kila siku ya wiki. Ukipata ya chupa halisi yenye kifundo cha kurekebisha kasi ya shokapu kurudi juu, funga kifundo mpaka mwisho, kisha fungua mlio ("tik") mmoja mmoja huku ukibonyeza siti: unataka ipande mara moja na kutulia. Ikipanda, ikashuka na kupanda tena, kaza. Ikirudi kama inavutwa na gundi, legeza, maana kwenye matuta yanayofuatana haitawahi kufunguka na itazidi kushuka.

Vipimo vya kununulia: urefu kutoka katikati ya tundu la juu mpaka katikati ya tundu la chini, kipenyo cha tundu (hubadilika kulingana na bushi) na upana wa bushi. Usikubali ndefu zaidi kwa sentimita mbili eti "inainua". Stendi kubwa haitanyanyua tairi tena, pembe ya cheni itabadilika, na usukani utakuwa mwepesi kupita kiasi ukiwa mtupu.

Kufunga: toa shokapu upande mmoja, funga mpya, ndipo uhamie wa pili; swingamu haidondoki na hupigani na matundu. Za kawaida zisizo na gesi, silinda iwe chini na rodi juu. Ukigeuza, hewa inaingia kwenye valvu na kazi imeisha. Nati zikaze mwisho kabisa pikipiki ikiwa imesimama kwa matairi yake, ili mpira wa bushi usikae umejikunja. Ringi ziwe hatua ileile pande zote. Kisha pima mlegeo wa cheni upya na mzigo ukiwa juu, maana cheni iliyo sawa pikipiki ikiwa tupu inaweza kukaza kama waya ikishuka na kuua beringi ya sproketi ya mbele.

Vya kukataa kwa fundi: kuchomeka mpira kati ya mizunguko ya springi (unaua mzunguko mmoja na waya unakatika hapohapo), na kuchomelea vipande vya kusogeza mguu wa shokapu nyuma. Hiyo ya pili inapeleka ufa kwenye fremu, pale shokapu inapofungwa juu.

Na gunia lisogeze mbele. Kilo zinazoning'inia nyuma ya ekseli zinaibana shokapu kuliko uzito wake, na zinainua gurudumu la mbele. Ukishapima, weka hapa namba zako nne, unene wa waya na idadi ya mizunguko, tukokotoe springi kabla hujaenda dukani.